Pua ya Bwana Guo

Wenzangu wa darasani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya mgeni, na aliyeniadhiri hata si mtu. Naandika mwenyewe kabla Hidaya wa kazini kwetu hajawapigia simu, maana namjua, yeye akihadithia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki. Someni mpaka mwisho ndiyo mcheke. Mkianza kucheka katikati natoka humu kundini, na picha za harusi ya mwenzetu Saada ninazo mimi peke yangu.

Mlioko Maskati na Unguja hamjui habari zetu za sasa, basi nianzie mbali kidogo. Kikundi chetu cha mwani hapa Micheweni kimeingia ubia na Mchina. Sisi tunatoa mwani, banda na mikono. Yeye katoa mashine mbili, moja ya kukausha na moja ya kusaga, na unga wa mwani anaupeleka kwao. Zamani, mnakumbuka, tulikuwa tunaanika mwani juu ya mawe, mvua ikija tunakimbia nao kichwani kama wezi, na mnunuzi akija anataja bei yeye, na kujibu anajibu yeye. Sasa tuna mkataba, tuna banda la bati jipya, na mimi Raya wenu ndiye msimamizi. (Mnamkumbuka mwalimu wa jiografia aliyesema ujuaji wangu hautanifikisha popote? Umenifikisha hapa. Na leo nusura unirudishe nilikotoka.)

Mchina wetu anaitwa Bwana Guo. Mtu mwembamba, mpole, Kiswahili chake ni "asante", "mimi" na "mwani". Anakaa Unguja, huku kwetu huja mara moja kila miezi miwili, na akija huja na Nassor, mtu wa Wete aliyesoma Uchina miaka mingi, ndiye mkalimani wao.

Siku ya kutia saini, Bwana Guo alisimama mbele yetu akasema maneno marefu ya kwao huku anajigusa pua. Akisema kidogo, anajigusa pua. Akisema tena, pua. Mwani mnaujua unavyonuka ukiwa mbichi, basi sote tukadhani harufu imemshinda. Bi Mize, mwenyekiti wetu, aliona haya akawa anausukuma mfuko wa mwani nyuma kwa kisigino, polepole, uso wake unatazama mbele. Nassor akatuona akacheka. Akatwambia kwa Wachina mtu akisema "mimi" hajigusi kifua kama sisi, anajionyesha pua. Pua ndiyo mimi.

Hilo nikaliweka kichwani. Nililiweka vizuri sana, na ndilo lililoniponza.

Wiki sita nyuma akaja fundi, Mchina mwengine, peke yake bila mkalimani, kuweka umeme katika chumba cha kufungashia, kile tunachokaa kutia unga katika mifuko. Alipomaliza taa akapanda ngazi akabandika kitu darini, katikati kabisa. Kitu cheupe cha duara, ukubwa wa kisahani cha kikombe, kina vitundu pembeni na kijitaa chekundu kinawaka na kuzima. Nikamuuliza kwa mikono, hiki nini? Fundi akakionyesha kidole, halafu akajigusa pua. Nikamuuliza tena. Akakionyesha tena, akajigusa pua, akavuta pumzi, kisha akashika masikio yake yote mawili na kukunja uso.

Mjinga hapo angempigia simu Nassor. Mimi si mjinga. Nikafasiri mwenyewe, neno kwa neno. Hiki, mimi. Masikio, nasikia. Kukunja uso, mkifanya mchezo nitakasirika. Yaani Bwana Guo yumo humu, anatuona na anatusikia kutoka huko Unguja. Na kamera za darini mimi nimeziona benki ya Chake kwa macho yangu, mtu asiniambie kitu.

Nikawakusanya wenzangu saba wa zamu nikawaeleza. Hidaya akauliza nina hakika? Nikamjibu kwa sauti ya msimamizi kwamba mimi ndiye niliyezungumza na fundi. (Nimezungumza naye kwa vidole, lakini hilo halikuwahusu.)

Jamani, tangu siku ile chumba kile kikawa msikiti. Hakuna umbeya, hakuna kulala. Mwanamme anatutazama, basi hakuna kuvua ushungi hata joto litoe roho. Bi Mize, mtu mzima yule na shinikizo lake la damu, alikuwa anajifunga ushungi mpaka kidevuni, jasho linamtoka, anasema mume wa watu hatoziona nywele zake hata kama anazitazama kutoka mwezini. Na kila asubuhi akiingia alikuwa ananyanyua uso kidogo, anangoja. Siku ya tatu nikamuuliza anangoja nini. Akasema yule Bwana Guo ni mdogo wake sana, kwa nini hamwamkii? Bi Mize alikuwa anangoja shikamoo kutoka darini.

Siku ya kwanza kabisa alitaka kukifukiza chumba ubani, kama tunavyofanya popote penye kazi mpya. Nikamkataza. Nikamwambia Bi Mize, moshi huo utamkohoza Bwana Guo wa watu. Akaurudisha ubani wake nyumbani kwa shingo upande.

Mimi nami nikaona, kama anasikia, si bora nimpe ripoti? Kila jioni kabla ya kufunga mlango nasimama chini ya kile kitu, nanyoosha mgongo, naongea polepole na kwa sauti, nikijua huko Nassor yuko pembeni anamtafsiria. "Bwana Guo, mimi Raya. Leo tumefungasha vizuri. Umeme ulikatika kidogo." Namwambia nani kafanya kazi na nani kazembea. Siku moja nilimnong'oneza kwamba Hidaya akishakula hulala chini ya meza, asikoonekana kutoka juu. Nilinong'ona ili Hidaya asisikie. Bwana Guo asikie, Hidaya asisikie, hiyo ndiyo akili yangu.

Mnaniona mpumbavu, eti? Ngojeni. Wiki ya pili nikamwambia, Bwana Guo, joto humu linatuua, tuletee feni. Siku nne baadaye, wallahi, gari ya mizigo ikashusha feni mbili! Na malengelenge ya mkononi mwangu nilikuwa nimemwonyesha, nikasema na glavu tafadhali. Glavu zimo katika boksi hilo hilo. Wenzangu walinitazama siku ile kama wanavyomtazama shehe. Hata Bi Mize alisema, huyu mtoto ana maneno yanayosikika. Niliomba na sukari ya chai, haikuja, lakini nilisikia Wachina wengi hunywa chai bila sukari, nikamsamehe.

Sasa sikilizeni lililokuwa zito. Mkataba unasema mashine ziwashwe saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, kila siku ila Ijumaa, na zamu iwepo yote. Maneno mazuri ofisini. Lakini mwani mnaujua. Zikija siku za bamvua, bahari inakupwa mpaka mbali, kuanzia saa nne hivi mpaka saa saba, na hapo ndipo kila mwanamke anatakiwa awe shambani kwake baharini, afunge mbegu, akaze kamba, avune. Siku za maji mafu huwezi, bahari haikupwi ya kutosha. Ukiikosa bamvua hii unangoja mpaka nyengine, na mawimbi hayakungojei, yanaukata mwani yanaondoka nao. Basi siku za bamvua zamu nzima tunazima mashine, tunakwenda majini. Daftari la mahudhurio linabaki jeupe.

Bi Mize alinambia mapema nimpigie Nassor, amweleze tajiri wake habari ya bamvua. Mimi nikamjibu, na maneno haya leo yamenikata maini: "Nimpigie Nassor wa nini, na mwenyewe yuko hapa juu?"

Nikamweleza mwenyewe. Kila jioni, wiki mbili. Nilianza kwa adabu. Nikaeleza bamvua ni nini, nikaonyesha kwa mikono maji yanavyokwenda na kurudi. Kimya. Nikaeleza tena kwa maneno mengine, mafupi. Kimya. Siku ya kumi nilishakasirika, nikamwambia feni unasikia, bamvua husikii? Kijitaa kikawaka, kikazima. Nikasema, haya, umeamua kutudharau.

Jana alasiri Nassor akatuma ujumbe. Wako njiani, watalala Wete. Bwana Guo ameona picha za daftari tunazomtumia, siku kumi mchana mashine hazikuwashwa, na anadhani sisi kazi hatuitaki. Kuna banda Unguja liko tayari kuzipokea. Kesho anakuja kuzungumza, na akitoka hapo ataamua mashine zibaki au ziondoke.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria yale mawe tuliyokuwa tunaanikia, na yule mnunuzi wa zamani anavyotia mkono katika mfuko na kusema unyevu, unyevu, punguza bei. Nikafikiria na wenzangu walioniamini. Lakini zaidi, Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira. Mtu kaelezwa wiki mbili kwa kinywa changu, leo anajifanya hajui?

Leo saa tatu wakafika. Bwana Guo kavaa viatu vyeusi vinang'aa, kakaa kwenye kiti katikati ya chumba cha kufungashia, chini ya kile kitu chake. Sisi wa zamu tukakaa upande mmoja. Wenzetu wengine walikuwa wanajitayarisha kwenda majini, maana leo ni bamvua hasa. Bi Mize hakuwepo ndani, alisema anakuja, kuna kitu anakiweka sawa huko nyuma. Ningemuuliza ni kitu gani, haya yote yasingenifika, au yangenifika kwa kelele kidogo.

Nassor akatafsiri. Bwana Guo ana huzuni, akasema. Aliwaona siku ya kutia saini mna hamu, akajivunia nyinyi kwa wenzake huko kwao. Sasa wenzake wanamuuliza mbona mashine zimelala mchana, na yeye hana jibu. Kama kuna sababu, mbona hakuna aliyemwambia?

Hapo nikasimama.

"Nassor, mwambie asitufanye watoto wadogo. Mimi nimemwambia kila siku kwa wiki mbili."

Nassor akashangaa. "Umemwambia wapi, Bi Raya?"

"Hapa hapa nilipo."

Akamtafsiria. Bwana Guo akatikisa kichwa, akajigusa pua, akasema neno. Nassor akasema, anasema yeye hajasikia kitu. Lakini mimi jicho langu liko kwenye pua. Nikapiga viganja mara moja, nikawageukia wenzangu nikawauliza, mmeona? Si huyo kajionyesha pua mwenyewe? Nikanyoosha mkono juu, kidole kwenye kile kitu.

"Basi mwambie amuulize huyo!"

Chumba kizima kikanyanyua vichwa. Bwana Guo naye akatazama juu, akanitazama mimi, akatazama juu tena. Nassor hakutafsiri. Alikuwa anajaribu kufahamu kwanza.

Na wakati huo huo mlango ukafunguka, akaingia Bi Mize na chetezo. Ubani unafuka. Alikuwa ameamua kwamba mgeni mzito kama huyu, aliyekuja na uamuzi mzito, moyo wake haulainiki ila kwa ubani na Fatiha, na kikohozi cha Bwana Guo hakukijali tena, maana leo Bwana Guo yuko chini. Akamzunguka mara moja, midomo inasoma. Akamzunguka mara ya pili. Mara ya tatu akakinyanyua chetezo juu ya kichwa cha Bwana Guo, juu kabisa, kumfukiza vizuri.

Kitu kikalia.

Siwezi kuiandika sauti ile. Ilitoboa. Hidaya aliingia chini ya meza (anapajua). Wawili walitokea dirishani. Mimi nilibaki pale pale chini yake, mkono bado uko juu, kama mtu aliyekipiga kwa uchawi. Bi Mize peke yake hakukimbia. Alimtazama Bwana Guo aliyekaa kwenye kiti, akatazama juu, akamtazama tena.

"Ikiwa weye uko hapa," akamuuliza, "anayelia kule juu nani?"

Bwana Guo akapanda juu ya kiti, akabonyeza kitu, kikanyamaza. Akashuka. Akaona tumeingiwa na hofu, na kwa upole wake akataka kututuliza. Akakionyesha kile kitu kwa kidole. Akajigusa pua. Akavuta pumzi. Akaonyesha moshi wa chetezo kwa mkono. Akashika masikio yote mawili, akakunja uso.

Yale yale ya fundi. Yale yale, moja baada ya moja, isipokuwa leo moshi upo.

"Ni kengele ya moshi, Bi Raya," akasema Nassor taratibu. "Inanusa. Ikinusa moshi inapiga kelele mtoke nje. Wewe ulidhani nini?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mnaona lakini mambo ya Mungu? Siku ya kwanza pua ilikuwa "mimi", sisi tukadhani kunusa. Siku ya pili pua ilikuwa kunusa, mimi nikajua ni "mimi". Kuujua mwanzo wa jambo ni kubaya kuliko kutolijua kabisa.

Kutoka chini ya meza sauti ya Hidaya ikauliza, "Na feni je?" Nassor akasema feni na glavu zilikuwa katika orodha tangu mwanzo, zilichelewa bandarini. Hidaya akatoa kichwa, akaniuliza mimi sasa, na siku ile ulipokuwa unanong'ona, ulikuwa unamwambia nini? Nikasema tutazungumza baadaye. (Wenzangu, tafadhali msimtumie hili.)

Bi Mize akakiweka chetezo chini. Akamweleza Nassor yote, mbele yangu, bila kuacha kitu: kwamba Raya alitwambia tajiri yumo mle, kwamba tumemheshimu wiki sita, kwamba jioni Raya anasimama hapo anatoa ripoti, na habari ya bamvua ametoa siku zote hizo kwa yule aliye juu. Nassor akatafsiri. Alitafsiri kirefu, na katikati sauti yake ilikatika mara mbili, akajifanya anakohoa. Mimi namtazama Bwana Guo usoni. Nangoja acheke, au ainuke aende zake. Kwa sababu mimi ndiye niliyeziondoa zile mashine, si mwengine. Kama ningepiga simu moja tu.

Hakucheka. Akauliza swali fupi. Nassor akanigeukia.

"Anauliza, ulikuwa unaiambia nini?"

Ndugu zangu, mimi kwa kusema mbele ya watu mnanijua, nasahau. Lakini maneno haya nimeyasema wiki mbili. Nimeyasema marefu, nimeyasema mafupi, nimeyasema kwa adabu na kwa hasira. Yalikuwa tayari mdomoni. Nikasimama pale pale ninaposimama kila jioni, ila leo macho nikayashusha.

"Bwana Guo, mimi Raya. Hatukimbii kazi. Tunaikimbilia. Mashine yako inakula mwani, na mwani unatoka baharini, na bahari haijui saa mbili asubuhi. Siku za bamvua ukitufungia humu ndani, mwani unaondoka na mawimbi, na safari ijayo utakuja ukute zamu imejaa na mashine haina cha kukausha. Tupe siku hizo tuanze mchana tukitoka majini. Tutakaa mpaka magharibi. Saa zitakazopungua tutazilipa siku za maji mafu."

Nassor akatafsiri. Bwana Guo akauliza bahari inakwendaje. Nikamwambia Nassor asimweleze, tumpeleke akaone, ni mwendo mfupi tu.

Jana alasiri, kumbe, walipita hapa pwani kabla ya kwenda kulala Wete, akakuta bahari imejaa, maji yanapiga ukingoni, hata picha alipiga. Leo alipofika akasimama. Maji hayapo. Mchanga umetandaa mpaka mbali, vigingi vimesimama safu kwa safu, na huko mwisho wenzetu wameinama na vitambaa vyao vya rangi. Akatoa simu, akaitazama picha ya jana, akatazama mbele. Nassor akanambia kwao ni bara ndani, siku mbili kwa treni mpaka pwani, na anauliza bahari imekwenda wapi. Nikajibu imekwenda kazini, saa kumi inarudi.

Akavua viatu vyake vyeusi. Akakunja suruali akaingia mpaka kwenye vigingi vya mwanzo, akashika kamba, akakuta taitai, zile kamba ndogo za kufungia mbegu, zimefunguka, mwani umebaki nusu. Kamba hiyo ilikuwa yangu. Leo nilikuwa kikaoni.

Akarudi, akauliza mtu anajuaje siku za bamvua, kuna karatasi? Bi Mize akasema karatasi ya nini, tunahesabu mwezi. Ukiandama, na ukiwa mpevu. Leo ni mwezi kumi na sita. Nassor alipolitafsiri hilo, Bwana Guo akashtuka, akafungua kalenda katika simu yake. Kumbe na wao wana hesabu ya mwezi. Bibi yake alikuwa akipanda kwa hesabu hiyo. Akatuonyesha tarehe ndogo chini ya tarehe kubwa, na Nassor akaisoma: kumi na saba.

Tumepishana siku moja. Nassor akawa anajieleza, kwamba wao wanaanza kuhesabu mapema, sisi tunangoja kuuona. Bi Mize akamwambia asijisumbue.

"Siku moja si neno. Hata siye kwa siye kila Ramadhani tunagombana."

Hapo ndipo Bwana Guo alipocheka. Alicheka akakaa juu ya jiwe, na jiwe la huku mnalijua linavyochoma, akaruka. Akacheka tena. Nadhani alikuwa amekizuia kicheko tangu kule chumbani.

Yametoka haya. Miezi mitatu ya kujaribu, siku za bamvua mashine zitawashwa saa nane mchana mpaka magharibi, na saa zilizopungua tutazilipa siku za maji mafu. Ikifaa, mkataba utaandikwa upya. Nassor aliandika pale pale juu ya goti, akafika kwenye neno bamvua akakwama, kwa Kichina hakulijua. Akaliandika hivyo hivyo kwa herufi zetu. Kwa hiyo huko kwao kuna ofisi itapokea karatasi ina neno la Kipemba katikati, na mtu atauliza, na safari hii namuombea aulize anayejua. Bwana Guo amenipa na namba yake ya simu. Amesema ripoti za kila jioni anazitaka, ila nimtumie yeye.

Walipokuwa wanaondoka akaingia chumbani kuchukua mkoba. Akasimama katikati, akatuita kwa mkono. Akajigusa pua, akasema kwa Kiswahili, "Mimi." Akanyoosha kidole juu, akatafuta neno, Nassor akamnong'oneza. "Si mimi."

Halafu akamgeukia Bi Mize akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Sijui Nassor alimfundisha saa ngapi. Bi Mize akaitikia marahaba akiwa amejinyoosha, wiki sita zake zimelipwa.

Gari ilipopotea akakaa kitako, akaufungua ushungi, akajipepea. Akaitazama dari kwa muda.

"Nimejifunga mpaka kidevuni," akasema, "kwa kengele."

Basi ndiyo hivyo. Chekeni sasa, ruhusa, lakini cheko lenu liishe leo. Kesho mwezi kumi na saba, maji yanakupwa kuanzia saa nne u nusu, na kamba yangu imefunguka nusu nzima.